RAIFFEISEN: Meya aliyeandika upya masharti ya mkopo wa mkulima

WANACHAMA wengi wa vyama vya kuweka na kukopa, yaani SACCOS, wanapopewa fomu ya mkopo hutazama mambo mawili tu: kiasi watakachopata na marejesho ya kila mwezi. Masharti mengine, kama vile nani anawajibika chama kikipata hasara, mdhamini anabanwa hadi wapi, na kama chama kinaweza kudai fedha zake kabla ya muda, huachiwa viongozi wayasome. Mambo yakishaharibika ndipo kila mtu huitafuta karatasi yake.

Friedrich Wilhelm Raiffeisen wa Ujerumani alitumia takriban miaka 40 ya maisha yake kuandika, kufuta na kuandika upya masharti ya aina hiyo. Hakuwa mwanasheria wala mwenye benki. Alikuwa meya wa vijijini, mgonjwa wa macho, aliyetaka mkulima mdogo apate ng'ombe na mbegu bila kunyang'anywa shamba. Vyama vya akiba na mikopo vya vijijini, katika nchi nyingi duniani, vina chimbuko lake katika kazi yake.

Raiffeisen alizaliwa Machi 30, 1818, katika mji mdogo wa Hamm kando ya mto Sieg, eneo la milima la Westerwald ambalo wakati huo lilikuwa chini ya utawala wa Prussia. Alikuwa mtoto wa saba kati ya tisa. Baba yake alikuwa meya wa Hamm, lakini maradhi yalimwondoa kazini mapema na mzigo wa kulea watoto ukamwangukia mama. Kijana huyo hakupata elimu ya sekondari, bali alifundishwa na mchungaji wa kanisa la kwao. Alipofika umri wa miaka 17 alijiunga na jeshi upande wa mizinga, akitegemea kujijengea maisha huko. Mwaka 1843 ugonjwa wa macho ulimlazimisha kuacha jeshi, akaingia katika utumishi wa serikali. Mwaka 1845 aliteuliwa kuwa meya wa Weyerbusch, kundi la vijiji maskini.

Njaa na unga wa serikali

Alifika Weyerbusch mwanzoni mwa miaka mibaya kwa wakulima wa Ulaya. Ugonjwa wa viazi ulikuwa umeanza kuenea mwaka 1845, na mwaka uliofuata mavuno ya nafaka nayo yakawa haba. Katika majira ya baridi ya mwaka 1846 kuingia 1847, watu wa Westerwald walikumbwa na njaa. Serikali ilipeleka unga, lakini kwa agizo kwamba uuzwe kwa fedha taslimu. Wenye njaa ndio hao hao waliokuwa hawana fedha.

Raiffeisen aliamua kuutoa unga huo kwa mkopo, wananchi wakiahidi kulipa baadaye, na hapo alikwenda kinyume cha maagizo aliyopewa. Aidha, aliwashawishi wenye uwezo wachange fedha, akaanzisha chama cha mkate na kujenga tanuri la kuokea. Mkate ulipatikana kwa bei iliyo chini sana ya ile ya soko. Chama hicho pia kilisaidia kupatikana kwa mbegu za viazi kwa msimu uliofuata.

Kwa wakulima wale, njaa ilikuwa sehemu moja tu ya tatizo. Sehemu nyingine ilikuwa deni. Benki zilikuwa mijini na hazikujishughulisha na mtu mwenye ekari chache. Aliyehitaji ng'ombe alimwendea mfanyabiashara aliyempa mnyama kwa mkopo, na mara nyingi ng'ombe aliendelea kuhesabiwa mali ya mfanyabiashara hadi senti ya mwisho. Mkulima alimlisha na kumtunza, na akishindwa malipo alinyang'anywa ng'ombe pamoja na yote aliyokwisha kulipa. Mikataba hiyo iliandikwa na upande mmoja, na upande wa pili uliweka sahihi kwa sababu haukuwa na pengine pa kwenda.

Mkataba wa kwanza: wenye nacho wadhamini

Mwaka 1848 Raiffeisen alihamishiwa Flammersfeld. Desemba 1849 alianzisha huko chama cha kuwasaidia wakulima wasio na uwezo. Watu wapatao 60 wenye mali walijiunga na kukubali kudhamini kwa pamoja, kila mmoja kwa mali yake yote. Kwa dhamana hiyo chama kilikopa fedha, kikanunua ng'ombe na kuwapa wakulima maskini, ambao walitakiwa kulipa kidogo kidogo ndani ya miaka mitano. Baadaye kilianza kutoa pia mikopo ya fedha.

Kwa mkulima, tofauti ilikuwa kubwa. Miaka mitano inatosha ng'ombe kuzaa, maziwa kuuzwa na ndama kukua. Lakini katika mkataba huo kulikuwa na kasoro ambayo haikuonekana mara moja. Waliodhamini hawakuwa wakopaji, na waliokopa hawakuwa wanachama. Tajiri alibeba hatari bila kupata faida yoyote, na maskini alipata mkopo bila kuwa na sauti wala wajibu ndani ya chama.

Kasoro hiyo ilijitokeza wazi alipohamia Heddesdorf, karibu na mji wa Neuwied, ambako alikuwa meya kuanzia mwaka 1852. Mwaka 1854 alianzisha chama cha hisani chenye malengo mengi: kulea watoto waliotelekezwa, kuwatafutia kazi waliotoka gerezani, kuwapatia wakulima mifugo na kutoa mikopo. Miaka ilivyopita, ari ya wafadhili ilipungua. Mtu aliyeweka mali yake dhamana kwa huruma ya mwaka wa njaa hakuona sababu ya kuendelea kuiweka baada ya njaa kupita. Wengi walitaka kujitoa, na chama kikawa hatarini kufa.

Raiffeisen, ambaye kwa imani yake ya Kikristo alipenda sana mfumo wa hisani, ilimbidi akubali kwamba mfumo huo haudumu. Wakati huo mwanasiasa na mwanasheria Hermann Schulze-Delitzsch alikuwa ameanzisha benki za ushirika kwa mafundi na wafanyabiashara wadogo wa mijini, ambako anayekopa lazima kwanza awe mwanachama. Raiffeisen aliwasiliana naye na kuchunguza kanuni zake. Mwaka 1862 chama cha mikopo chenye wakopaji ndani yake kilianzishwa katika kijiji cha Anhausen, na mwaka 1864 kile cha Heddesdorf kiliandikiwa katiba mpya na kuwa chama cha mikopo. Tangu hapo, asiye mwanachama hakukopeshwa.

Masharti mapya yalivyofanya kazi

Kwa kuwa masharti hayo ndiyo yaliyosambaa duniani, yanafaa kuelezwa moja baada ya jingine.

Kwanza, eneo la chama lilikuwa dogo, kijiji au parokia moja, ili wanachama wajuane. Kamati ya mikopo haikuhitaji taarifa za benki kumjua mlevi au mchapakazi. Pili, wanachama wote waliwajibika kwa pamoja kwa madeni ya chama, bila kikomo. Hakuna aliyekuwa na mtaji wa kutosha peke yake, lakini mashamba na nyumba zao zikijumlishwa zilimfanya mwenye fedha akubali kukikopesha chama. Tatu, viongozi hawakulipwa mshahara, isipokuwa mtunza fedha ambaye alipewa malipo kwa kazi yake. Nne, faida haikugawanywa ovyo bali iliwekwa katika mfuko wa akiba wa chama ambao mwanachama hakuweza kudai sehemu yake.

Tano ni muda wa mkopo. Mkulima aliweza kukopa kwa mwaka mmoja, mitano au hata kumi, kulingana na kazi ya fedha. Mkopaji alileta wadhamini na kueleza matumizi ya mkopo. Lakini mkataba ulikuwa na kifungu kikali: chama kiliweza kuudai mkopo wote kwa taarifa ya wiki nne. Kifungu hicho kilikuwa kinga ya chama endapo mkopaji angetumia fedha kinyume cha makubaliano au hali ya wadhamini wake kudhoofika.

Ili kifungu hicho kisiwe cha kumwonea mtu, baraza la usimamizi lilitakiwa kupitia mikopo yote kila baada ya miezi mitatu. Liliangalia kama mkopaji bado yuko imara na kama wadhamini wake bado wana mali ya kutosha. Mdhamini akifilisika, mkopaji alitakiwa kuleta mwingine. Akishindwa, ndipo taarifa ya wiki nne ilipotolewa. Kwa maneno mengine, mkataba haukufungiwa kabatini siku ya kuwekwa sahihi, bali uliangaliwa mara nne kwa mwaka.

Kazi zote hizo zilifanyika huku maisha yake binafsi yakiwa magumu. Mke wake wa kwanza, Emilie, alifariki mwaka 1863. Macho yake yalizidi kudhoofika, na mwaka 1865 alistaafishwa umeya kwa sababu ya afya, akiwa na umri wa miaka 47 tu. Pensheni ilikuwa ndogo, hivyo ilimlazimu kufanya biashara ya mvinyo ili kupata riziki. Binti yake mkubwa, Amalie, ndiye aliyemsomea barua na kuandika aliyoyasema baba yake. Hakuolewa, na kazi yake ya ukatibu ilikuwa sehemu kubwa ya kazi inayohesabiwa leo kuwa ya Raiffeisen peke yake.

Mwaka 1866 alichapisha kitabu kuhusu vyama vya mikopo kama njia ya kuwaondolea shida watu wa vijijini. Ndani yake aliweka mifano ya katiba, mikataba na vitabu vya hesabu ambayo kijiji chochote kingeweza kuifuata. Kila uzoefu mpya ulipopatikana alikipitia upya kitabu chake, na toleo la tano lilitoka mwaka 1887.

Mgogoro uliotikisa vyama

Vyama vilipoongezeka, tatizo jipya lilijitokeza. Kijiji kimoja kilikuwa na akiba isiyo na mkopaji, na kingine kilikuwa na wakopaji bila akiba. Mwaka 1872 Raiffeisen alianzisha mjini Neuwied benki ya ushirika ya kuunganisha vyama vya eneo la Rhine, na mwaka 1874 akaanzisha benki kuu ya vyama hivyo kwa Ujerumani nzima. Vyombo hivyo navyo viliundwa kama vyama vya ushirika, wanachama wake wakiwa ni vyama.

Hapo ndipo Schulze-Delitzsch, mtunzi wa sheria ya ushirika na mbunge mwenye sauti kubwa, alipompinga hadharani. Hoja zake hazikuwa za chuki tu. Alisema chama kinachopokea akiba zinazoweza kudaiwa wakati wowote hakipaswi kukopesha kwa miaka kumi, kwani siku wenye akiba watakapozidai fedha hazitakuwapo. Benki zake za mijini zilikopesha kwa takriban miezi mitatu. Vilevile alisema chama kisicho na hisa ni kinyume cha sheria, na kwamba chama cha vyama, vyote vikiwa na dhamana isiyo na kikomo, ni hatari iliyorundikwa juu ya hatari nyingine.

Kwa fundi wa mjini, miezi mitatu inatosha kununua ngozi, kushona viatu na kuviuza. Kwa mkulima haitoshi hata kidogo. Ng'ombe hubeba mimba miezi tisa, na shamba la ngano halivunwi kwa sababu tarehe ya benki imefika. Hata hivyo, hoja ya usalama wa akiba ilikuwa ya kweli, na inabaki kuwa ya kweli hadi leo kwa SACCOS yoyote inayokopesha kwa muda mrefu fedha zinazoweza kutolewa kwa muda mfupi.

Mvutano huo ungeweza kuviua vyama vya vijijini. Mwenye akiba akisikia kwamba chama chake si halali, hangoji kusikia mara ya pili. Serikali ya Prussia iliteua tume kuchunguza vyama vya eneo la Rhine, na taarifa yake ikawa nzuri kwa upande wa Raiffeisen. Lakini katika suala la sheria alishindwa. Mwaka 1876 aliivunja benki kuu yake ya ushirika na kuiunda upya kama kampuni ya hisa. Vyama vya vijijini navyo vilitakiwa kuingiza hisa katika katiba zao.

Raiffeisen hakupenda hisa, kwani aliogopa kwamba wenye hisa nyingi wangegeuza chama kuwa mradi wa kutafuta gawio. Alipolazimika kuzikubali, alitafuta njia ya kulinda lengo la awali: hisa ziliwekwa ndogo kiasi ambacho maskini angeweza kumudu, na gawio likawekewa mpaka. Mwaka 1877 aliunda umoja wa vyama kwa ajili ya ushauri na ukaguzi wa hesabu.

Si kila jambo katika maisha yake ni la kuigwa. Katika miaka yake ya mwisho aliandika maneno ya kuwalaumu Wayahudi kwa jumla kutokana na vitendo vya wakopeshaji wa riba kubwa, jambo ambalo wanahistoria wamelikosoa. Pia alipenda kushika hatamu mwenyewe, na baadhi ya wenzake, akiwamo Wilhelm Haas, walijitenga na kuanzisha umoja wao.

Alifariki Machi 11, 1888, huko Heddesdorf, akiwa amebakiza siku chache kutimiza miaka 70. Wakati huo vyama vilivyofuata mfumo wake vilikuwa 423. Mwaka mmoja baadaye, Mei 1889, Ujerumani ilipitisha sheria mpya ya ushirika. Iliruhusu dhamana yenye kikomo, ikakubali vyama kuwa wanachama wa vyama vikubwa, jambo alilonyimwa mwaka 1876, na ikalazimisha kila chama kukaguliwa na mkaguzi wa nje angalau mara moja kila miaka miwili.

Kutoka Westerwald hadi Kilimanjaro

Mfumo huo haukubaki Ujerumani. Katika miaka ya 1890 serikali ya Madras nchini India ilimtuma ofisa wake, Frederick Nicholson, kuuchunguza, na mwaka 1904 India ikapata sheria ya vyama vya mikopo iliyofuata sehemu kubwa ya mawazo ya Raiffeisen. Waingereza waliichukua sheria ya India kama kielelezo kwa makoloni mengine. Tanganyika ilipata sheria yake ya ushirika mwaka 1932, na Januari 1933 chama kikuu cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, KNCU, kikaandikishwa. Ofisi ya msajili, katiba ya mfano na ukaguzi wa lazima vimefuatana na ushirika wa Afrika Mashariki tangu wakati huo.

Mwaka 2016 shirika la UNESCO liliuweka ushirika katika orodha ya urithi wa binadamu usioshikika, kwa maombi ya Ujerumani yaliyowataja pamoja Raiffeisen na mpinzani wake Schulze-Delitzsch.

Kwa mwanachama wa leo, dhamana isiyo na kikomo kwa kawaida haipo tena; anachoweza kupoteza ni hisa zake, na akiba yake iwapo chama kitafilisika. Lakini maswali aliyoyauliza Raiffeisen bado yapo katika kila mkataba. Je, muda wa mkopo unalingana na msimu wa zao au mzunguko wa biashara? Mdhamini anawajibika kwa kiasi gani, na je, ataarifiwa mapema mkopaji akianza kuchelewa? Chama kinaweza kudai mkopo wote kwa taarifa ya siku ngapi, na kwa sababu zipi? Riba ikibadilishwa, mkopo wa zamani nao unabadilika? Wakati wa kuyauliza ni kabla ya sahihi, na tena katika mkutano mkuu wakati katiba na sera ya mikopo vinapoletwa kwa marekebisho.

Mkutano huo mara nyingi huwa na mahudhurio hafifu, na ajenda ya marekebisho huwekwa mwishoni watu wakiwa wameanza kuondoka. Walio ndani ya ukumbi saa hiyo ndio wanaoamua masharti ya wote.